Tone la Mdudu na Neno la Mwenyeji: Uhakiki wa Kifungu Kimoja cha Livingstone

1. Utangulizi

Mvua za kwanza zikishanyesha Kipushi, mji wa migodi ulio yapata kilomita 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, majani ya kandokando ya njia huanza kuonyesha madoa meupe ya povu, kana kwamba kuna mtu aliyepita akitema mate. Mtoto akilipangusa povu hilo kwa kidole hukuta ndani yake kadudu kadogo, laini, kasiko na mabawa, kamekishika kikonyo na kichwa kimeelekea chini. Ni jambo la kila mwaka, nalo halimshangazi mtu. Hata hivyo, jambo hili dogo linahusiana na mojawapo ya vifungu vya ajabu katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 waliopita Afrika ya Kati. Kifungu hicho kimo katika kitabu cha David Livingstone, *Missionary Travels and Researches in South Africa*, kilichochapishwa London mwaka 1857.

Livingstone anasimulia habari za mdudu wa ukoo huohuo aliyemwona Angola katika safari yake ya miaka 1854–1855. Anasema maji yanayodondoka kutoka kwa mdudu huyo yalikuwa mengi mno, akawauliza wenyeji yanatoka wapi, wakamjibu, naye hakuridhika na jibu lao. Jibu lile lilikuwa sahihi. Makala haya yanachunguza jinsi msafiri makini, aliyepima na kuandika kwa uaminifu, alivyoweza kulisikia jibu la kweli, kulichapisha na kulikataa katika ukurasa huohuo. Swali hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili pia, kwa kuwa kazi ya kukusanya maneno na maarifa ya wazee haina budi kukutana na hatari ileile iliyomkuta Livingstone.

2. Mdudu mwenyewe

Kabla ya kukihakiki kifungu, inafaa kumfahamu mdudu anayezungumziwa. Wataalamu wa wadudu humweka katika kundi moja kubwa pamoja na nyenje, na ndani ya kundi hilo humgawa katika jamaa kadhaa, mojawapo ikiwa Cercopidae na nyingine Aphrophoridae. Katika nyasi za savana za Afrika huonekana wale wa jenasi ya Locris, ambao wengi wao, wakikomaa, huwa na rangi nyekundu na nyeusi. Wa jenasi ya Poophilus hujulikana kwa kushambulia mtama. Juu ya miti wapo wa jenasi ya Ptyelus, wakubwa kuliko wenzao, wanaoishi kwa makundi na kutoa maji mengi kiasi cha kulowesha ardhi chini ya tawi. Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini wako watu wauitao mti wenye wadudu hao "mti wa mvua", hasa kwa sababu mara nyingi hudondosha maji mwishoni mwa kiangazi, wakati mbingu haina hata wingu.

Chakula chao ni maji yanayopanda kutoka mizizini kupitia mishipa ya ndani ya mti, ambayo wanabiolojia huiita zailemu. Maji hayo yana lishe haba sana, kwani zaidi ya sehemu 95 katika 100 ni maji matupu. Kwa hiyo mdudu hulazimika kunywa kwa wingi usiolingana na mwili wake na kuyatoa karibu yote kwa nyuma. Upungufu wa lishe husaidiwa na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake. Mtoto wa mdudu wa nyasini huyachanganya maji anayoyatoa na utomvu wa viungo vyake vya ndani, kisha huyapulizia hewa kwa kuchezesha ncha ya tumbo mpaka yakawa povu. Jean-Henri Fabre, mwanazuoni wa Ufaransa, aliuchunguza ufundi huo kwa subira kubwa. Povu humkinga mdudu na jua, ukavu na maadui. Akikomaa huliacha, akaanza kutegemea miguu yake ya nyuma. Malcolm Burrows alionyesha mwaka 2003 kwamba mdudu mmoja wa jamii hiyo wa Ulaya, mwenye urefu wa milimita 6 hivi, aweza kuruka juu sentimita 70.

Wala si mdudu wa kupuuzwa. Tangu mwaka 2013, bakteria aitwaye Xylella fastidiosa ameangamiza mamilioni ya mizeituni kusini mwa Italia, na mchukuzi wake mkuu ni huyohuyo mdudu wa povu. Ugonjwa huo huenea kwa sababu mdudu hunywa kutoka katika zailemu. Kwa hiyo swali la maji haya yanatoka wapi, ambalo lingeweza kudhaniwa kuwa la udadisi tu, leo lina uzito wa uchumi wa nchi.

3. Yaliyomo katika kifungu

Livingstone anaeleza kuwa aliwaona wadudu hao kwanza katika miti ya jamii ya mtini. Saba au wanane hukusanyika mahali pamoja kwenye tawi dogo na kudondosha maji bila kukoma, hata chini yake pakawa na kidimbwi. Chombo kikitegwa jioni, asema, asubuhi huwa na painti tatu au nne. Anaongeza kuwa wenyeji husema tone likiingia jichoni husababisha uvimbe. Alipowauliza maji yanatoka wapi, walijibu kuwa wadudu huyafyonza kutoka ndani ya mti, na anakiri kuwa wataalamu wa viumbe wa kwao walisema vivyo hivyo. Yeye, kwa upande wake, hakuwahi kuona tundu lolote katika gome, na hakuamini kuwa mti ungeweza kutoa maji kiasi kile. Akahitimisha kuwa sehemu kubwa ya maji hutoka hewani.

Ili kuthibitisha dhana yake alifanya jaribio katika tawi la mbarika. Alilibambua gome kwa urefu wa inchi 20 hivi upande wa shina, akakwangua ngozi ya ndani, kisha akatoboa tundu ubavuni hadi katikati na kuuondoa moyo wa tawi. Wakati huo tone moja lilianguka kila baada ya sekunde 67. Kesho yake asubuhi tone lilianguka kila sekunde 5. Kundi jingine katika mti huohuo, kwenye tawi jingine, lilitoa tone kila sekunde 17. Siku ya mwisho kundi jingine lililokuwa katika tawi lililobambuliwa vivyo hivyo lilitoa tone kila sekunde 2, na lililokuwa katika tawi zima tone kila sekunde 11. Mtu akilikadiria tone kuwa sehemu ya 480 ya aunsi, kipimo ambacho hesabu za Livingstone mwenyewe zinaashiria, na kuzigeuza hesabu hizo kwa vipimo vya leo, atapata kuwa sekunde 67 ni sawa na mililita 76 kwa siku, sekunde 5 ni lita moja, na sekunde 2 ni lita mbili na nusu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa vibaba ni vingi.

4. Jaribio na hitilafu zake

Hitilafu ya kwanza ni ya anatomia. Livingstone aliamini kuwa kwa kuondoa gome na ngozi ya ndani ameiharibu mishipa yote ya kupandisha maji. Alichokiharibu ni floemu, mishipa ya kusafirishia chakula kinachotengenezwa majanini. Maji hupanda katika mti wenyewe, yaani katika mbao changa zilizo chini ya gome, na hizo hakuzikata ila mahali pale padogo alipotoboa. Kwa maneno mengine, mto aliodhani ameuziba uliendelea kutiririka pembeni mwa tundu lake. Jambo hilo halikuwa siri ya baadaye. Marcello Malpighi alikuwa ameyafanya majaribio ya kubambua magome katika karne ya 17, na kitabu cha Stephen Hales cha mwaka 1727 kilikwisha kueleza kwa vipimo jinsi mimea inavyovuta maji na kuyatoa kupitia majani.

Wala halikuwa siri kwa watu wa miombo. Katika ukanda huu warina asali hutengeneza mizinga kwa kubambua gome zima la mti, likatoka kama bomba. Mti huo hatimaye hufa, lakini haukauki siku ileile: majani hubaki mabichi kwa muda mrefu. Anayeyaona majani mabichi juu ya shina lisilo na gome anao ushahidi machoni pake kwamba maji hayapiti katika gome. Mwenye macho haambiwi tazama.

Hitilafu ya pili ni ya ulinganishi. Livingstone alihesabu matone kwa sekunde bila kueleza kila kundi lilikuwa na wadudu wangapi. Kundi la wadudu kumi na kundi la wadudu ishirini hayawezi kutofautishwa kwa saa peke yake. Aidha, aliona kuwa wadudu hutoa maji mengi zaidi asubuhi, wakati wa umande, akalichukua hilo kuwa dalili ya kunywa unyevu wa hewani. Yako maelezo mengine yaliyo mepesi zaidi. Usiku na alfajiri majani hupoteza maji kidogo, mvutano ndani ya zailemu hulegea, na mdudu hufyonza kwa urahisi kuliko mchana wa jua kali.

Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo imo katika maandishi yake mwenyewe. Alipolikata tawi kabisa, wadudu waliondoka mara moja. Livingstone analieleza tukio hilo kana kwamba wadudu wamechoshwa na uchokozi wake, kama ilivyo kawaida ya wadudu kuuhama mzoga, kisha anaendelea na habari nyingine. Lakini ikiwa maji yao hutoka hewani, kwa nini tawi lililokatwa lisifae? Hewa ilikuwa ileile, umande uleule, na wadudu ni walewale. Kilichobadilika ni kimoja tu: tawi halikuwa tena na mzizi. Jibu la wenyeji lilikuwa limethibitishwa mbele ya macho yake, kwa mkono wake mwenyewe, naye akaliandika bila kulisoma.

Kuhusu hoja yake kwamba mti hauwezi kutoa maji mengi hivyo, inatosha kukumbusha kuwa mti mkubwa hupandisha makumi, hata mamia, ya lita kwa siku. Lita mbili na nusu hazimpunguzii kitu. Ni kweli kwamba namna maji yanavyopanda haikuelezwa vizuri mpaka Dixon na Joly walipotoa nadharia yao mwaka 1894, na kwamba nguvu za mdudu za kuyavuta zilipimwa juzi tu: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa aweza kuvuta kwa nguvu inayozidi mara kumi ya kani ya hewa ituzungukayo. Livingstone hawezi kulaumiwa kwa kutoyajua hayo. Anachoweza kuulizwa ni kwa nini kutojua "namna gani" kulimfanya akatae "wapi".

5. Kitenzi kabla ya hoja

Sehemu ya jibu imo katika lugha. Tangu mwanzo wa kifungu, Livingstone anatumia kitenzi chenye maana ya kukeneka. Wadudu wake hawavuji wala hawadondoshi, wanakeneka. Baadaye anawafananisha na mitambo ya meli za mvuke za Uingereza inayogeuza mvuke kuwa maji matamu, akisema wadudu wanaishinda mitambo hiyo kwa kuwa hawahitaji makaa. Sasa, kukeneka ni kupata maji kutokana na mvuke. Mpika lutuku yeyote wa Lubumbashi anajua kwamba bila mvuke kupoa katika mrija hapana tone. Anayeanza kwa kusema "wanakeneka" amekwisha kusema "kutoka hewani" kabla hajatoa hoja hata moja. Jaribio lililofuata lilikuwa la kumtafutia kitenzi mashahidi.

Wenyeji nao walikuwa na kitenzi chao, ambacho kwa Kiswahili ni *kufyonza*. Kitenzi hiki nacho kimebeba nadharia nzima: kuna mdomo, kuna kitu chenye maji, kuna nguvu ya kuvuta. Mafumbo hayo mawili, mtambo na mdomo, yamesimama katika ukurasa mmoja. Livingstone alilipima la wenzake kwa jaribio, la kwake akalipokea bila kulipima.

Si yeye tu aliyepotezwa na jina. Isidori wa Sevilla, mwanzoni mwa karne ya 7, aliandika kuwa nyenje huzaliwa na mate ya ndege aina ya kekeo, na hadi leo Waingereza na Wafaransa huliita povu la majanini mate ya ndege huyo. Ulaya na Afrika zote zimeona povu na kufikiria mate. Hakuna anayepaswa kuona haya kwa jina, bali kwa kusahau kuwa jina ni dhana.

6. "Wenyeji husema"

Ni rahisi kukihitimisha kisa hiki kwa kusema kuwa mzungu alidharau maarifa ya Mwafrika. Hitimisho hilo halikubaliani na maandishi. Livingstone anasema wazi kuwa wataalamu wa Ulaya walitoa jibu lilelile, na amewakataa wote kwa pamoja. Tena yeye ndiye aliyelihifadhi jibu la wenyeji, na takwimu zake ndizo zinazotuwezesha leo kumsahihisha. Alikiri pia kuwa alikosa muda wa jaribio moja la mwisho, nalo ni kuweka tawi lililokatwa ndani ya chombo cha maji na kutazama kama maji yanapungua. Msafiri mwongo hasemi hivyo.

Kasoro yake iko mahali pengine, katika namna ya kunukuu. "Wenyeji husema": nani kati yao? Kwa lugha gani? Ni mrina asali, mkulima au mtoto? Kiambishi *hu-* hufuta wakati, na nomino ya wingi humfuta mtu. Ndiyo maana kauli mbili zenye thamani tofauti zimelala chini ya fomula moja. Ya kwanza, kuwa maji hufyonzwa kutoka mtini, ni sahihi kabisa. Ya pili, kuwa tone huvimbisha jicho, haina sababu iliyo wazi, kwa kuwa kitokacho ni karibu maji matupu. Msomaji hawezi kuzipambanua, kwa sababu Livingstone aliuliza swali la kwanza, "maji yanatoka wapi?", asiulize la pili, "mmejuaje?"

Swali la pili lingemletea mambo mengi. Lingemweka mjibu katika nafasi ya mtu mwenye sababu. Pengine lingemfikisha kwenye gome lililobambuliwa na majani yaliyobaki mabichi. Kiswahili chenyewe kinamkumbusha msomaji daraja ya wahusika: *mwenyeji* ni mtu mwenye mji, anayempokea mgeni na kumwonyesha njia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Hapa, ilikuwa zamu ya mgeni kupona, naye akapita mlangoni.

7. Hitimisho

Kisa hiki si cha kale tu. Kipushi ni mahali ambapo vilivyo chini ya ardhi vimepewa majina kwa uangalifu mkubwa. Madini ya reniereti, yaliyotambuliwa kwanza katika mgodi wa Kipushi, yana jina la mtaalamu wa Ubelgiji, nayo yamo katika vitabu vya jiolojia vya dunia nzima. Mgodi huo ulisimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024, na kila hatua imeandikwa kwa tarakimu. Vilivyo juu ya ardhi havikupata uangalifu huo. Finkubala, yaani viwavi wanaoliwa, huzungumzwa na kila mpishi, lakini tududu tusiotiwa chunguni hutajwa kwa majina yanayokaa vinywani, kwa Kiswahili cha mjini, Kilamba au Kibemba, na miombo inayotulisha inazidi kurudi nyuma kwa sababu ya makala na mashamba.

Mwanafunzi wa isimu atakayekwenda Kipushi na daftari ataweza kurudi na orodha ya majina. Orodha ni kitu chema, ila haitoshi. Livingstone naye alikuwa na daftari, tena lenye saa na vipimo. Kando ya kila jina na kila kauli hapana budi iandikwe nani ameisema, kwa lugha gani, na sababu aliyoitoa alipoulizwa amejuaje. Bila safu hiyo ya mwisho, daftari litakuwa na ukweli na dhana chini ya fomula moja, na msomaji wa mwaka 2150 hataweza kuzitenga. Maji ya mdudu wa Angola yalikuwa yakidondoka kila sekunde 2 juu ya ardhi, na aliyeyahesabu matone yote alibaki akitazama juu angani.